Vipande Vitano vya Shaba kutoka Keza

Siku mliponiaga mlinipa blanketi na saa ya ukutani, halafu mkaniomba niwaandikie machache kuhusu kazi yetu, msije mkaanza tena kwenye sifuri. Blanketi nalitumia. Saa nimemwachia mke wangu, maana kumpa mstaafu saa ni kumchokoza. Maandishi ndiyo haya. Vyeo na mishahara nitaviruka, kwa kuwa havikuwa vingi kiasi cha kujaza hata ukurasa. Nitawaeleza nilivyoanza, aliyenifundisha, na kosa nililolifanya Keza. Yapo na mema niliyoyafanya katika miaka hiyo, lakini nikikaa peke yangu siyakumbuki. Nakumbuka lile la Keza.

Nilianzia Biharamulo, msaidizi wa afisa utamaduni, nikiwa na cheti cha ualimu na suruali mbili. Nilidhani utamaduni ni ngoma. Afisa wangu naye alidhani hivyo hivyo, kwa hiyo tulipatana sana. Siku ya kwanza alinipa ufunguo wa stoo na kunituma kwa mtunza stoo, Mzee Ramadhani, mwenyeji wa palepale mjini, mtu mfupi mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikasahau rangi yake. Nilimkuta amekalia kreti, anapaka mafuta mpini wa mkuki.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Unajua kuandika?"

"Nimesomea ualimu, mzee."

"Sijakuuliza umesomea nini."

Akanizungusha humo stoo. Kulikuwa na ngoma, mivukuto ya wahunzi, vyungu, majembe ya zamani, kila kimoja kimefungwa kipande cha kadi kwa kamba ya katani. Akaninyooshea kadi moja nisome. Nikasoma jina la mlima, upande wa mlima, shamba la nani, hatua ngapi kutoka mti gani, na mwisho kabisa, chini, neno moja: jembe.

"Unaona?" akasema. "Mahali kwanza, kitu baadaye. Kwamba hili ni jembe, hata mjukuu wako atalitazama atajua. Lakini limetoka wapi? Akifa aliyelileta, basi tena."

Nilimwitikia, "Ndiyo mzee," huku moyoni nikicheka. Niliona ni mambo ya watu wa stoo. Zana zetu zilikuwa chache: daftari kubwa la mapokezi, kadi, katani, brashi ya kupakia chokaa, na tepu ya fundi cherehani. Tepu hiyo ilikuwa imekatika inchi tatu za mwanzo na hakuna aliyejali, kwa hiyo vitu vyote vya Biharamulo vya miaka ile vimeandikwa virefu kuliko vilivyo. Mkivipima upya msishangae.

Nilikaa na Mzee Ramadhani miaka miwili, kisha nikahamishiwa Ngara. Huko nilikuta operesheni ya vijiji imepamba moto. Watu waliokuwa wametawanyika vilimani, kila mmoja na migomba yake, walitakiwa washuke wajenge kwa mistari karibu na barabara, shule na zahanati. Wapo walioshuka kwa hiari yao, na wapo walioshuka baada ya paa kuondolewa. Mimi nilipeleka ngoma kwenye mikutano ya kuwahamasisha. Sijifichi.

Watu wakishashuka, huko juu yanabaki matongo. Itongo ni mahali palipokuwa na mji wa mtu akahama. Unapajua kwa uzio wa minyaa ulioachwa ukaota ovyo, migomba isiyo na mwenyewe, na mafiga matatu katikati ya nyasi. Basi pale Keza, kijiji kimoja cha wilaya yetu ya Ngara, walikuwapo walimu watatu na katekista mmoja waliopenda mambo ya kale. Jumapili baada ya misa walikuwa wanapanda kwenye matongo na majembe yao, wanatafuta vigae, mikufu, chochote kile. Hawakuwa wataalamu na hawakujidai kuwa wataalamu. Kiongozi wao alikuwa Mwalimu Sospeter, kijana mrefu wa hesabu, mwenye mikono isiyotulia. Nilifurahi kuwapata. Walifanya kazi ambayo ilipaswa kuwa yangu, na mimi nilikuwa nawasubiri kwenye veranda ya shule, kwa sababu mimi na milima hatukuwahi kuelewana.

Jumapili moja Sospeter alishuka anakimbia, ameshika mfuko wa gunia kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba mayai. Akaumwaga juu ya dawati. Vilikuwa vipande vitano vya shaba nyekundu, vizito, vimejaa masizi upande mmoja na udongo mweusi upande mwingine. Kimoja kilikuwa ukingo wa sufuria, na sikio lake bado limeshikiliwa na ribiti mbili zilizofuliwa kwa nyundo. Vyungu tulivizoea. Sufuria ya shaba ya zamani kiasi kile, ndani kabisa huku bara, sikuwahi kuiona. Mtaalamu mmoja aliyepita baadaye alisema huenda shaba hiyo ilifuliwa ng'ambo ya bahari, ikasafiri na misafara ya wachuuzi, na kwamba huenda umri wake ulizidi miaka mia mbili. Sisi siku hiyo hatukujua hayo. Tulipiga kelele tu.

"Twende nikuonyeshe mahali," Sospeter akasema. "Ilikuwa chini ya mafiga, imefukiwa vizuri, mtu kaipanga."

"Jua limeshakuwa kali. Utanionyesha siku nyingine, mahali hapaendi popote."

Nikafungua daftari, nikaandika: Keza, vipande vitano vya shaba, sufuria. Nikaacha nafasi ya kujaza mahali. Nafasi hiyo ilikaa wazi mwaka huo, na mwaka uliofuata. Katikati ya hapo kijiji kikapata trekta la kuazima, wakalima mteremko ule wote uwe shamba moja la kijiji. Minyaa iling'olewa, migomba ikafyekwa. Wakachimba na mfereji kuhamisha kijito kije karibu na bustani mpya. Siku ya kuufungua mfereji nilipeleka ngoma mimi mwenyewe, tukacheza mpaka viatu vikajaa tope.

Kisha ikaja vita. Tulisikia redioni kwamba nduli amevuka mpaka huko kaskazini ya mkoa wetu, na wiki chache baadaye Sospeter akachukuliwa pamoja na wanamgambo wengine wa Keza. Alipita ofisini kuaga, amenyolewa kichwa, masikio yamemsimama. Tukaongea kuhusu viatu vya jeshi. Kuhusu mahali pa ile sufuria sikumuuliza, wala haikunijia.

Kampala ilipoanguka watu walishangilia, lakini vijana wetu wengi walibaki huko huko kwanza, na Sospeter alikuwa mmoja wao. Saba Saba ya mwaka huo ilitakiwa iwe kubwa. Nikaambiwa nipange meza ya mambo ya kale, mkuu wa wilaya atapita. Nikakumbuka vile vipande vya shaba, bado viko kwenye gunia lao na udongo wao. Ndugu zangu, kwetu huwezi kumwekea mgeni sufuria yenye masizi. Mama yako atakufa kwa aibu, na kama alishakufa atafufuka aje akuchape. Nikaomba limau na majivu kwa mke wangu, nikakaa nyuma ya nyumba siku nzima nasugua. Udongo mweusi ulikuwa umegandamana kwenye mikunjo, nikauchokoa kwa mwiba. Maji nikayamwaga kwenye mgomba. Jioni vilikuwa vinang'aa mpaka unajiona pua. Nilijisifu kweli.

Siku ya sherehe watu walijazana mezani. Mkuu wa wilaya alisema "safi sana" mara mbili. Alipoondoka alikuja mama mmoja, kitenge kimefungwa vizuri, ameshikwa mkono na binti yake wa miaka kama ishirini. Macho ya yule mama yalikuwa yameingia ukungu wa mtoto wa jicho. Hakuangalia meza, aliipapasa. Vidole vilipita juu ya vigae, juu ya majembe, vikafika kwenye ule ukingo wa shaba, vikasimama kwenye ribiti. Akahesabu moja, mbili.

"Hii ni sufuria yangu."

"Shikamoo mama," nikasema, na nikaendelea kwa sauti ya ofisi. "Vitu hivi sasa ni mali ya taifa."

"Marahaba, baba. Iwe ya taifa, sikatai. Nionyesheni tu mlipoitoa."

Nikamketisha kwenye benchi. Jina lake mwenyewe lilikuwa Verdiana, nasi tukamwita Mama Verdiana, na binti ni Fortunata. Alieleza polepole, kwa Kiswahili cha kutafuta, na alipokosa neno binti alimsaidia. Sufuria ile ilikuwa ya ukoo wa mumewe. Wazee walisema mmoja wao aliipata kwa wachuuzi, akawapa majembe. Ilipasuka kabla yeye hajaolewa, lakini vipande havikutupwa. Alizaa watoto watatu. Surua iliwachukua wawili katika wiki moja, Deo na Auleria, na wakazikwa nyumbani kama ilivyokuwa kawaida wakati ule, hatua kumi na mbili kutoka jikoni. Baba yao naye akafia safarini, akazikwa huko huko. Ilipokuja amri ya kushuka, Fortunata alikuwa anasoma Biharamulo kwa mjomba wake, na mama akaamua kumfuata. Lakini kabla ya kuondoka aliwaza: uzio watakata, migomba watakata, nyumba imeshavunjwa. Nini kitabaki?

"Nikasema shaba haiozi," akasema. "Mchwa hawaili, moto wa nyasi hauifiki. Nikachimba chini ya mafiga, nikaiweka. Nikajua siku nitakayorudi, hata kama ni pori, nitachimba nitaipata. Nikiipata jiko nimelipata. Nikilipata jiko, wanangu nimewapata."

Vita ilipokwisha alirudi. Macho yalikuwa yameshapungua, mteremko wote umekuwa mahindi. Akachimba kwa jembe, huku na huku, Fortunata akimsaidia bila kujua wanatafuta wapi, maana aliondoka pale akiwa mdogo sana. Hawakupata kitu.

"Nilidhani nimerukwa na akili," akasema. "Kumbe mnayo ninyi. Nimefurahi, baba. Sasa fungua daftari lako unionyeshe."

Nikafungua daftari. Ningefanya nini? Nililifungua, nikaitazama ile nafasi niliyoiacha. Nikamwambia tutakwenda Keza wiki hiyo hiyo.

Tulikwenda watatu, kwa miguu kutoka barabarani. Mama Verdiana alivaa nguo ya kanisani. Tulipanda mpaka katikati ya mteremko, akasimama, akageuza uso kuelekea bondeni na kusikiliza. Kisha akaanza kutabasamu.

"Kijito," akasema. "Nikisimama mlangoni nikitazama bonde, kijito kilikuwa mkono wa kulia, karibu hivi. Nakisikia. Ni hapa. Si ndiyo ni hapa?"

Maji aliyoyasikia yalikuwa ya mfereji. Kijito chenyewe, kile cha wakati wake, kilikuwa mbali kule ng'ambo ya mahindi, kimekauka na kuota nyasi. Nilijua, kwani mfereji niliufungua kwa ngoma. Na udongo niliokuwa nimeukanyaga ulikuwa mwekundu kama tofali, wakati ule niliouchokoa kwa mwiba siku chache nyuma ulikuwa mweusi ti. Nilijua yote mawili, pale pale, sikuhitaji kufikiri. Ningeweza kusema, "Hapana mama, tuvuke shamba, tutafute kule." Lakini jua lilikuwa linachoma, mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameshaniuliza tunakanyaga mahindi ya nani, na mama yule alikuwa amenishika mkono uso wake umefunguka wote.

"Wewe ndiye mwenye daftari," akasema. "Ukisema ni hapa, ni hapa."

"Ndiyo mama. Ni hapa."

Akahesabu hatua kumi na mbili kuelekea jua linakochomoza, akapiga magoti, akalia. Akawaita watoto wake kwa majina. Fortunata naye akalia. Mimi nilisimama na kofia mkononi, nikijiambia kwamba nimefanya huruma. Ulikuwa uvivu, ndugu zangu. Nimepata miaka ya kutosha kuupa jina lake.

Nilipomrudishia vile vipande alivikataa. "Kaeni navyo," akasema, "kazi yake imekwisha." Ndiyo maana bado viko kabatini kwenu na wageni wanavisifu. Mwenyekiti alimruhusu kuzungushia mawe pale pembeni mwa mfereji, naye akapanda maharage kandokando. Kila mavuno Fortunata alikuwa ananiletea kikapu cha maharage hayo ofisini. "Mama anakushukuru," anasema. Niliyala. Yalikuwa mazuri.

Sospeter alirudi baadaye, anachechemea, mpole kuliko alivyoondoka. Nilimweleza habari ya Mama Verdiana, nikitegemea ataniambia hata yeye amesahau mahali. Alichukua fimbo yake akaniongoza. Tukaupita mfereji, tukayapita mahindi, tukafika kwenye kijito kikavu. Pale palikuwa na majabali ambayo trekta halikuweza kugeukia, kwa hiyo pameachwa. Shimo alilochimba bado lilionekana, na figa moja limelala ubavuni. Hatua kumi na mbili kutoka hapo, juu ya udongo mweusi, yalikuwapo marundo mawili madogo ya mawe, hayajaguswa na mtu.

"Nilidhani ni mawe ya mtu aliyesafisha shamba," Sospeter akasema. Kisha akanigeukia. "Mwambie."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Baada ya mavuno."

"Ningemwambia mimi, lakini uongo ni wako. Utoke kwa mdomo wako."

Mavuno yakapita, maharage yakaletwa. Nikasema baada ya Pasaka. Baada ya Pasaka akaanza kuugua kifua, nikasema siwezi kumwambia mgonjwa. Kila mara nilipata sababu, na kila sababu ilikuwa na sura nzuri. Ningeweza kumwambia siku yoyote, na angeweza kuvuka shamba lile akishikwa mkono, ni mwendo wa kuvuta sigara moja tu. Sospeter akaomba uhamisho kwenda Bukiriro, na hata salamu zake zikakatika.

Mama Verdiana alifariki mwanzoni mwa mvua. Alikuwa ameacha neno moja, kwamba azikwe kando ya wanawe. Nilikwenda. Sospeter naye alikuja kutoka Bukiriro, akasimama nyuma ya watu, ameegemea fimbo. Katekista alikuwa ameshaanza sala, na vijana wenye majembe wamesimama kwenye ule mduara wa mawe pembeni mwa mfereji wakisubiri kuambiwa waanzie wapi. Fortunata akanijia, macho mekundu.

"Kaka Afisa, wewe ndiye unayejua. Ndugu zangu wamelala upande gani hasa? Wasije wakawachimba."

Nikamtazama Sospeter. Alikuwa ananiangalia, hakutikisa kichwa wala hakukunja uso. Watu wote walikuwa wakinisubiri mimi. Nikanyoosha mkono kushoto.

"Wako huku," nikasema. "Chimbeni kulia."

Wakachimba. Udongo ulitoka mwekundu mpaka chini.

Sospeter alishakufa, na mkimsikia mtu akisema sikwenda kumzika Bukiriro, amesema kweli. Mwezi mmoja baada ya siku mliponiaga nilipanda gari la Keza. Nilimkuta Fortunata uani, amekuwa mama mtu mzima, anapepeta maharage kwenye ungo. Alifurahi kuniona. "Shikamoo kaka," akasema, akaniletea kigoda na kutaka kunipikia. Nikamwambia asinipikie kwanza. Nikamweleza kila kitu, kama nilivyowaeleza ninyi hapa, mfereji, udongo, yale marundo mawili ya mawe kule kwenye majabali, na siku ya mazishi. Nilimaliza nikamwambia anisamehe. Alikuwa ameacha kupepeta. Aliangalia upande wa shamba.

"Kwa hiyo mama yuko peke yake," akasema.

Akachukua ungo wake, akaendelea kupepeta.